Ng'ombe Wangu Alikuwa Ndani ya Diski

Shemeji yangu alipata habari kwamba seva ya ushirika imekufa kabla mwenyekiti wa ushirika hajamaliza chai yake. Sijui nani alimpigia. Ninachojua ni kwamba asubuhi ile nilikuwa ofisini Morotonga, namwangalia mhazini akiipiga mashine makofi ubavuni kama anaamsha mlevi, na hata saa sita haijafika jirani yangu wa kule nyumbani Kisaka akanipigia simu.

"Mwenzangu, shemeji yako yuko hapa na kamba. Anamfungua ng'ombe wako."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Anasema kompyuta imekufa, kwa hiyo ng'ombe hana tena jina. Na ndama anamfuata nyuma."

Shemeji huyo ni kaka mkubwa wa mume wangu. Mume wangu yuko kwenye mashimo ya dhahabu, na ukimpigia kuhusu jambo lolote la nyumbani anakujibu kwamba huko aliko kuna mwamba mgumu. Siku ile nilimpigia. Akasema kuna mwamba. Nikakata simu.

Ng'ombe yule nilipewa na baba yangu. Baba anakaa Nyangoto, jirani na mgodi mkubwa, mahali ambapo kila kipande cha ardhi kina watu watatu wanaosema ni chao, na malisho yamebaki kama kapeti ya sebuleni. Alipoona mifugo yake inakula vumbi akaanza kuigawa. Mimi akanipa mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kifuani, hakutoa hotuba. "Mtoto wako anywe maziwa," akasema. "Huyu ni wako. Si wa wale." Wale ni wakwe zangu.

Na hapo ndipo tatizo lilipo. Kwetu ng'ombe wanakuja kwa ajili ya mwanamke, wanapita mbele ya macho yake, wanaishia kwa kaka zake. Hilo hakuna anayeliona ajabu. Lakini mwanamke huyohuyo akabaki na ng'ombe mmoja, mmoja tu, kila mwanaume anayepita anauliza: huyu ni wa nani? Nimejibu swali hilo mpaka ulimi umekauka. Mahali pekee duniani palipoandikwa kwamba yule ng'ombe ni wangu palikuwa ndani ya ile seva. Niliandika mwenyewe, kwa sababu mimi ndiye mchapaji wa ushirika.

Ushirika wetu ni wa wafugaji. Ng'ombe wa mwanachama anavaa hereni yenye namba sikioni, na kila namba ina ukurasa wake kwenye kompyuta: jina la mwenye mali, rangi, alama, chanjo, na picha ya mwenye mali amesimama na mnyama wake. Ni kwa ajili ya wizi. Ng'ombe akikamatwa karibu na Sirari, mpakani, anapelekwa kuuzwa, namba inasomwa, tunafungua ukurasa, jina linatoka, na mwizi anaanza kueleza kwamba alikuwa anampeleka kunywa maji. Kazi yenyewe ni nzuri. Ubaya wake ni wanaume wanaoisimamia.

Zamani kulikuwa na fomu za karatasi. Siku seva ilipofika mwenyekiti alitangaza kwamba sasa sisi ni watu wa kidijitali, na fomu zote akapewa mama anayeuza karanga nje ya geti. Kwa muda mrefu watu wa Morotonga walikula karanga kwenye ng'ombe wa watu.

Seva ililetwa na mfadhili. Vijana wa mradi waliifunga, wakatuita tukae kwenye mabenchi, wakaeleza taratibu kama wanaofundisha watoto. Ina diski mbili. Kila mnachoandika kinaingia kwenye zote mbili kwa pamoja. Moja ikifa, nyingine inaendelea peke yake, taa inageuka rangi ya chungwa na mashine inalia. Mkisikia inalia msilale, badilisheni ile iliyokufa, maana mmebaki na moja. Halafu wakasema jambo ambalo mimi nililisikia, na wazee walitikisa vichwa kama wageni kwenye mahubiri ya kanisa la mtu mwingine: diski mbili si bakapu. Ukifuta kitu, kinafutika kwenye zote. Nyumba ikiungua, zinaungua zote. Bakapu ni nakala inayolala kwingine.

Wakapiga picha na sisi, wakaondoka.

Wiki hiyohiyo mke wa mwenyekiti akaleta kitambaa. Nisieleweke vibaya, mama yule ana mikono ya dhahabu. Huku kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, makochi yanavaa mgongoni na mikononi. Seva ikavishwa cha kufuma, cheupe, chenye maua mekundu na maneno MUNGU NI MWEMA, kikaning'inia mbele mpaka chini. Mbele ndiko mashine inakovutia hewa. Mbele pia ndiko ziliko taa. Nilisema. Mwenyekiti akaniuliza kama nataka ofisi ionekane kama gereji.

Kisha siku moja, katikati ya kikao cha bodi, mashine ikaanza kulia. Piii. Piii. Mwenyekiti alikuwa anazungumzia maadili ya uongozi na kelele zikamkata kila sentensi. Mhazini akanyanyuka. Mhazini wetu ana stashahada ya uhasibu, kwa hiyo kompyuta zote za kata ni zake kwa haki ya kuzaliwa. Akabofyabofya, sauti ikakatika, akarudi kukaa na kifua mbele.

"Nimeituliza."

"Umeituliza au umeiziba mdomo?" nikauliza.

"Dada, wewe chapa."

Nikachapa. Miezi ikapita, taa ya chungwa inawaka chini ya maua mekundu na sisi tunaendelea kusajili ng'ombe. Ndani ya miezi hiyo ndipo baba aliponipa mtamba wangu, nikamvisha hereni, nikamwandika, na baadaye akazaa.

Siku ilipokufa diski ya pili umeme ulikuwa umekatika na kurudi, ukakatika, ukarudi. Nilipoingia ofisini nikasikia mlio kutoka chini ya kitambaa: tak, tak, tak, kama mtu anayegonga mlango bila haraka. Skrini nyeusi. Mhazini akazima, akawasha. Tak, tak. Akazima, akawasha. Akaomba. Akaipiga makofi.

"Acha kuiwasha," nikamwambia. "Kitu kinasaga humo ndani."

"Tulieni. Msiwe na hofu." Alikuwa anatujibu mimi na mwenyekiti, lakini macho kwa mwenyekiti tu. "Bakapu ipo. Nafanya mwenyewe kila Ijumaa."

Mwenyekiti akashusha pumzi. "Huyo ndiye mtaalamu, mura, kijana wetu."

"Iko wapi?" nikauliza.

"Kwenye D."

"D iko wapi?"

"D iko kwenye kompyuta."

"Kompyuta ipi?"

Akaitazama seva. Seva ikasema tak, tak. Mwenyekiti akamtazama mhazini, akanitazama mimi, na mimi nikaona uso wa mtu aliyehamisha maharage yake kutoka chumba cha mbele kwenda chumba cha nyuma cha nyumba inayoungua. Kila Ijumaa alikuwa anatoa nakala kutoka kwenye diski na kuiweka kwenye diski hiyohiyo, kisha anafunga ofisi anakwenda kunywa soda kwa amani.

Ndipo jirani aliponipigia habari ya kamba.

Nilipokata simu nilikuwa nimeshavua kile kitambaa. Nikakitupa kwenye kiti cha mwenyekiti. Sikumbuki maneno yote niliyosema, na yale ninayoyakumbuka siwezi kuyaandika hapa, lakini mama wa karanga alisogeza ungo wake karibu na dirisha ili asipitwe.

Mwenyekiti alipendekeza kamati. Kamati ya kuchunguza kifo cha seva, watu watano, na bila shaka wasikae na njaa wakati wa kuchunguza. Mhazini yeye akamwita fundi simu wa pale sokoni. Fundi akaitoa diski moja, akaitikisa sikioni kama anakagua yai, akasema dawa yake ni baridi. "Tuiweke kwenye friza usiku mmoja. Ikiganda inakubali." Na mwenyekiti akafurahi! Kwa sababu mwenye bucha ni mwanachama, friza ipo, haina gharama.

"Mtu akiilaza diski hii pamoja na maini," nikasema, "nitapiga kelele mpaka Mugumu mjini wafunge maduka."

"Mke wetu, punguza ukali," mwenyekiti akasema. Ananiita mke wetu kwa sababu ni wa ukoo wa mume wangu. "Ng'ombe wetu pia wamo humo."

"Wenu hawajafungwa kamba, mzee. Wangu amefungwa."

Nilimwambia nazipeleka diski zote mbili Mwanza, kwa mtu anayejua. Akakubali. Asije mtu akasema nilimshawishi kwa hoja. Mtoto wangu alikuwa anapiga mayowe na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni ambako wote walitaka kupita. Nikazifunga diski kwenye blanketi la mtoto, mtoto nikamfunga mgongoni na kanga. Nilikuwa nimeshashtaki, na baraza la kata lilikuwa limeshapanga kusikiliza shauri la ng'ombe baada ya mnada unaokuja. Hadi siku hiyo mnyama angekaa zizini kwa shemeji, na maziwa yangenywewa huko. Binti yangu alikuwa ametoka kuzoea kikombe. Nilimpa uji mkavu kwenye basi, akanitazama kama mimi ndiye mwizi.

Mtaalamu wa Mwanza alikuwa mwanamke wa rika langu, kucha nyekundu, ofisi juu ya duka la vipuri, anakula chipsi. Hakunyanyuka.

"Hii inayogonga, nani aliiwasha tena baada ya kuanza kugonga?"

"Mhazini."

"Mara nyingi?"

"Hata makofi aliipiga."

Akaacha kutafuna. "Mwambie asije akafuga kuku."

Nilimpenda hapohapo, ingawa alikuwa na dharau za mjini na aliniuliza huko kwetu umeme tumeupata lini. Akanieleza anachofanya, na nikamlazimisha arudie mpaka nielewe, maana nilijua nikirudi watanidanganya. Diski mgonjwa hafanyiwi upasuaji. Kwanza ananakiliwa. Unachukua sehemu zinazosomeka kwa urahisi, mbovu unaziruka, mwishoni ndipo unazirudia polepole, maana kila ukimlazimisha asome anazidi kufa. Ukishapata nakala unamweka pembeni asiguswe. Nakala nayo unaitolea nakala, na marekebisho yote unafanya kwenye hiyo. Ukikosea, unaanza upya bila kumrudia mgonjwa.

Kisha akaichomeka ile nyingine, ile iliyolia siku ya kikao cha bodi. Ikasomeka yote, bila shida hata kidogo.

"Hii haikufa," akasema. "Ilizimia tu ikatoka kwenye safu ya zile mbili, labda kwa joto. Ila mwisho wake ni siku ileile ilipotoka. Baada ya hapo haijaandikwa kitu."

Nikapiga simu ofisini. Ningejua nisingepiga. Mhazini aliweka sauti ya juu nikasikia vigelegele. Wote waliosajili mwanzo, wakubwa wote wa ushirika, ng'ombe wao walikuwa wamepona. Mwenyekiti amepona. Mhazini amepona.

"Basi inatosha," mhazini akasema. "Chukua hiyo urudi. Za karibuni tutaandika upya."

"Mtaandika upya kwa neno la nani?"

"La wenye ng'ombe, dada."

"Na wangu?"

Akajibu kwa sauti ya upole ambayo sitaisahau: "Huyo si yuko barazani? Subirini baraza liseme."

Mtu huyu aliiziba mdomo mashine, akaficha bakapu ndani ya marehemu, na sasa ng'ombe wake walipookoka alitaka mimi nisubiri. Nikamwambia sirudi. Akasema ushirika hautagharamia siku za ziada. Nikamwambia ushirika ukanunue kitambaa kingine. Nikalala kwa mama yangu mdogo, kila asubuhi nikapanda zile ngazi na mtoto mgongoni, nikakaa kwenye kiti cha plastiki naangalia mstari wa kijani ukitambaa kwenye skrini. Kuna wakati ulisimama, diski ikagonga, mwanamke wa kucha nyekundu akaacha hata kuzungumza na wateja. Akaizima, akaiacha ipoe, akarudia kutoka upande wa nyuma. Mstari ukatembea.

Nakala ilipokamilika ilikuwa na matobo, na hifadhidata ikakataa kufunguka. Akairekebisha, ikafunguka nusu. Kumbukumbu nyingi za chanjo zilikuwa zimekwenda na maji. Nikaomba aandike namba ya hereni ninayoijua kwa kichwa.

Akatokea. Mwekundu, doa jeupe kifuani, na pembeni yake mimi nimemshika sikio, mtoto mgongoni, nimekunja uso kwa jua kama ninayetaka kumpiga mpiga picha. Mwenye mali: jina langu, herufi kwa herufi. Chini yake, ndama.

"Unalia nini sasa?" akaniuliza.

"Silii. Ni vumbi la vipuri vyenu."

Niliporudi Morotonga sikuwakabidhi chochote mpaka wanachama wakutane. Walikuja wengi kuliko siku ya uchaguzi. Nikaifungua nakala kwenye laptopu ya mhazini, ile anayotazamia mpira, kusudi waone kwamba inafunguka kwenye mashine nyingine kabisa. Hapo adabu iliisha. Wazee wazima wakapandiana mabegani. "Tafuta yule wangu wa pembe iliyovunjika!" "Tata, mzee wangu, ngoja, foleni!" "Mbona picha yangu nimefumba macho?" Kila aliyemwona ng'ombe wake alitoka nje kuwasimulia wengine kama aliyemwona bintiye akitoka hospitali. Wazee wawili wa baraza la kata walikuwamo, nao wakatafuta ng'ombe wao, wakawapata, wakacheka kwa furaha. Wa mmoja wao walikuwa kwenye kile kipande cha waliosajiliwa karibuni, kilekile kilichotoka kwenye diski inayogonga. Nikakiweka akilini.

Kisha mwenyekiti akasimama kupongeza uongozi. Nikamkatiza.

"Shikamoo, mzee. Naomba kuuliza. Ng'ombe wako wote wanalala hapa kwako?"

"Marahaba. Wote?" Akacheka, na wenzake wakacheka. "Mke wetu, nimekuwa mwehu? Wengine wako kwa mdogo wangu Kisaka. Wengine kwa rafiki yangu kule kwenu Nyangoto. Wengine siwezi kusema mbele za watu."

"Kwa nini usiwaweke zizi moja, uwaone vizuri?"

"Ugonjwa ukiingia? Wezi wakija? Siku moja tu namaliza maisha yangu yote!"

Akabaki mdomo wazi. Nilimwacha asimame nao pale mbele ya wanachama wake, mdomo ule. Mtu ambaye hata ndama wake kilema ana makazi ya pili alikuwa amewaweka ng'ombe wa kata nzima kwenye kisanduku kimoja na kukivisha maua.

Baada ya hapo kupanga bakapu kulikuwa rahisi, kwa maana kila mtu aligeuka bingwa. Tulikubaliana nakala itoke kila jioni kwenda kwenye kompyuta ya pili. Kuwe na diski mbili za nje zinazopokezana, moja iko ofisini, nyingine iko mbali, Ijumaa zinabadilishana. Na nyingine ipande kwenye mtandao, imefungwa kwa nenosiri. Mhazini akainua mkono: hizo diski za nje, kwa usalama, tuzifungie zote kwenye kabati la ofisi. Watu wakamzomea. Mzee mmoja akamwambia, "Mura, wewe hata mbuzi nisikupe."

Lakini hiyo ya mbali ilale kwa nani? Walibishana mpaka jua likageuka, na walibishana kwa namna moja tu wanayoijua, ile ya kuchagua mtu wa kumwekea mifugo. Huyu anakunywa. Huyu mlango wake ni wa bati. Yule ana mke mgomvi, siku akikasirika ataitumia diski kufungia mlango. Huyu ni mwaminifu lakini yuko karibu mno, adui akija kwako anapitia na kwake. Mwisho wakamwangukia katekista wa Kisaka, hanywi, ana sanduku la chuma, na hana adui hata mmoja, jambo ambalo wengine waliona linatia shaka.

Nikaongeza langu: kila mwezi nakala ifunguliwe kwenye mashine nyingine, mwanachama yeyote ataje namba, tumtafute ng'ombe wake mbele yake.

"Kila mwezi?" mhazini akaguna. "Kama ipo, ipo."

"D nayo ilikuwepo," nikamwambia. "Bakapu ambayo hujawahi kuirudisha ni kama dume ulilonunua kwa kuangalia pembe. Siku jike likiwa tayari ndipo utajua ulinunua nini." Akina mama wa nyuma walipiga makofi. Mhazini akaandika "kila mwezi" bila kuinua kichwa.

Likabaki baraza.

Shemeji alikuja amevaa koti. Alikuwa amejiandaa, na nakiri alijiandaa vizuri. Nilipotoa ukurasa uliochapwa, picha na jina, hakukana kwamba ni mimi. Alisimama akawasalimu wazee, akasema: "Wazee wangu, sisi wote tulisikia mashine imekufa. Mwenyekiti mwenyewe alisema imekufa. Kilichofufuka huko Mwanza, mimi sikijui. Maiti haitoi ushahidi. Na aliyeisafirisha maiti ni nani? Ni huyuhuyu. Na aliyeandika mwanzo ni nani? Ni huyuhuyu. Ng'ombe aliyeko kwenye boma la kaka yangu mdogo ni wa boma."

Watu wakanung'unika. Lilikuwa neno zito, na mzee wa katikati akanitazama kama anayesema, jibu hilo.

Nikamgeukia yeye, si wao. "Shemeji, wale ng'ombe ulioletewa mahari ya binti yako mkubwa. Uliwasajili lini?"

"Hao hawahusiani."

"Uliwaleta mwenyewe ofisini, nikakuandikia mimi. Ilikuwa baada ya diski ya kwanza kutoka. Wako kwenye kipande hikihiki cha Mwanza, ukurasa kwa ukurasa na wa kwangu. Na mkwe wako juzi mnadani alikuwa anasema hakumbuki kama walikuwa wengi hivyo. Nimwambie kwamba wewe mwenyewe umesema barazani ile nakala ni maiti?"

Koti lake likaonekana kubwa ghafla.

"Mimi sina shida," nikaendelea. "Kama imekufa kwangu, ife kwa wote. Baraza liandike hivyo. Kila aliyesajili baada ya siku ile, ng'ombe wake hana jina, na mwenye kamba aanze."

Yule mzee ambaye ng'ombe wake walikuwa kwenye kipande cha karibuni akakohoa. Akamwinamia mwenzake sikioni, mwenzake akamwinamia wa tatu. Haikuchukua muda. Sikujidanganya kwamba walikuwa wanafikiria haki ya mwanamke. Walikuwa wanafikiria mazizi yao. Mzee wa katikati akasema baraza limeridhika kwamba nakala iliyofunguliwa mbele ya wanachama ni halali kwa watu wote, ng'ombe na ndama warudi kwa aliyeandikwa, na leo. Mama mmoja, mjumbe wa baraza, akauliza kwa sauti ili iandikwe: "Aliyeandikwa ni nani?" Mzee akataja jina langu. Akalitaja taratibu, kama mtu anayemeza kidonge kikubwa, lakini akalitaja lote.

Shemeji aliwaleta mwenyewe jioni, njia panda. Hakutaka kufika kwangu. Hakunipa kamba mkononi. Aliiacha ianguke chini kama kitu kilichomponyoka, akageuka kutazama upande wa milima. Nikainama nikaiokota.

"Shemeji," akasema bado kanipa mgongo. "Wale wa mahari. Wamo wote?"

"Wamo wote."

"Na ile ya katekista, nao wamo?"

"Wamo. Njoo mwisho wa mwezi utaje namba, uwaone."

Akatikisa kichwa kukubali. Ng'ombe alikuwa amejaa, chuchu zinadondosha. Inaonekana kwao hakuna aliyekuwa na muda wa kumkamua sawasawa, walikuwa na muda wa kummiliki tu. Binti yangu mgongoni akaona maziwa yanadondoka vumbini, akaanza kupiga kelele na kunirusharusha miguu kiunoni. Nikamshusha. Nikafunga kamba kwenye kichaka, nikachuchumaa palepale barabarani, nikakamulia kwenye kikombe chake, ndama naye ananisukuma kwa kichwa akidai zamu.

Shemeji alikuwa ameshapiga hatua, akageuka. "Wewe! Unakamulia barabarani? Watu watasema nini?"

"Wakiuliza," nikamwambia, "waambie nakamua wangu."

Mtoto akanywa. Nikamkamulia kingine.